Swali Moja Kupitia Kiti Chako

Mama Pacha aliamka na furaha ya mtu anayekwenda kuozesha, na hiyo ndiyo iliyomkera mumewe. Alikuwa anaimba bafuni. Hebu fikiria mwenyewe: mwanamke aliyefukuzwa kazi tangu mwaka jana, anayefundisha watoto wa majirani hesabu kwa malipo ya "ahsante mwalimu", anaimba bafuni asubuhi ya siku anayokwenda kuwatia wakubwa kidole jichoni. Baba Pacha, fundi wa magari katika karakana ya serikali, aliusikiliza wimbo ule huku ameshika kikombe cha chai, akakunja uso vilevile anavyoukunja akisikia injini inagonga.

"Watu wakiitwa mbele ya kamati ya bunge wanatetemeka," alimwambia alipotoka na taulo kichwani.

"Hata mimi natetemeka. Ila ni kwa hamu."

"Hamu ya nini? Kazi hawakurudishii."

"Sijaomba kazi, Baba Pacha. Nimeomba kusikilizwa."

"Na mimi naomba chai ipite kooni," akasema, akakigeukia kikombe chake.

Ngoja nikueleze jambo lenyewe, nisije nikakuacha njiani. Mama Pacha alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali, na mahakamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mawakili wa utetezi wakisikia kesi imepangiwa yeye walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana homa. Sasa mwaka jana, adhuhuri ya siku njema kabisa, yeye na wenzake kadhaa waliitwa ofisini kwa bosi wao, Mkuu wa Mashtaka, wakaambiwa wamefutwa kazi kwa uzembe, wakabidhi funguo. Uzembe! Watu waliokuwa wanakula chakula cha mchana wamesimama. Walipokaa baadaye wakalinganisha mambo, wakagundua kitu kimoja: kila mmoja wao alikuwa na kesi inayomgusa ndugu au rafiki wa Waziri. Ya Mama Pacha ilikuwa ya bweni la shule lililoanguka na wanafunzi ndani. Mkandarasi aliyelijenga alikuwa shemeji yake Waziri, na nguzo zilizochorwa kwenye ramani hazikuwa zile zilizosimamishwa.

Magazeti yakapiga kelele, bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Na kamati, nayo, ikaanza kuchunguzwa na watu wa mtaani: inakula hela kiasi gani, itamaliza lini, itatuletea nini. Ikafika mahali wajumbe wenyewe wakagawanyika. Kwa hiyo siku hii ninayokusimulia ilikuwa ya kufa na kupona. Mama Pacha angesikilizwa, Mkuu wa Mashtaka angesikilizwa, halafu wajumbe wangepiga kura: uchunguzi uendelee au ufungwe. Ukiendelea, kamati ingekuwa na nguvu ya kuzirudisha mahakamani kesi zote zilizoachwa yatima. Ukifungwa, ya bweni ilikuwa inakufa, maana hakimu alikwisha onya kwamba tarehe ijayo akikosa mtu wa serikali wa kuwaita mashahidi anaitupilia mbali.

Upande wa pili wa mizani kulikuwa na Baba Pacha. Mshahara wake ndio pekee uliokuwa umebaki ndani ya nyumba ile. Kodi, karo ya wale pacha, unga, vyote vilitoka kwenye mikono yake yenye grisi. Na msimamizi wa karakana alikwisha mwita pembeni akamwambia kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayetumwa, "Mkeo ana mdomo wake, hatuwezi kuushona. Ila wewe fundi, nisisikie umeonekana pale. Nikisikia, mimi na wewe basi."

Wakapatana, mume na mke. Yeye aende akaseme, mume abaki karakana kichwa chini ya gari, asijulikane hata kama ameoa.

"Nakuuliza mara ya mwisho," Baba Pacha alisema akifunga kamba za viatu. "Hivi hiyo kamati inastahili gharama yake? Wenzako wawili wameshapata kazi benki. Wewe umekonda. Na ukishinda, unapata nini cha kuweka mezani?"

Mama Pacha alikuwa anatafuta hereni ya pili. Alisimama kidogo, maana swali lilikuwa la haki na mtu aliyeliuliza alikuwa na haki ya kuliuliza.

"Sijui," akasema. "Lakini nikikaa kimya nitaumwa."

"Basi nenda. Dawa nazo ni ghali siku hizi."

Kabla hajatoka, Mama Pacha alimpigia simu mchora ramani. Huyu alikuwa msichana aliyewahi kufanya kazi kwa yule mkandarasi. Yeye ndiye aliyechora ramani ya bweni, na yeye ndiye aliyekuwa tayari kusimama mahakamani aseme nguzo zake zilipunguzwa na nani. Shahidi namba moja. Alikuwa anakuja nyumbani kwa Mama Pacha mara kwa mara, analia kidogo, anakula, anaondoka.

"Dada, nimechoka," mchora ramani alisema kwenye simu. "Kila tarehe naomba ruhusa kazini, nakaa mahakamani mpaka jioni, hakuna hata mtu wa serikali anayekuja kuniuliza jina. Bosi wangu mpya ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni."

"Leo tu, mdogo wangu. Njoo ukae tu pale bungeni."

"Nitajaribu," akasema, na simu ikakatika.

Sasa mtu akikwambia "nitajaribu" unajua mwenyewe maana yake. Lakini Mama Pacha hakuvunjika moyo. Alipoingia kwenye ule ukumbi wa bunge, akaona vipaza sauti vyenye taa nyekundu, akanusa zulia lililopigwa dawa, akasikia mtu anasema "tusimame" na viti vyote vinakwaruza kwa pamoja, damu ilimkimbia mwilini hadi kwenye vidole. Mwaka mzima alikuwa hajasikia mlio huo. Alitamani kucheka.

Ukumbi ulipangwa hivi, na nakuomba ukumbuke. Wajumbe walikaa mbele, kwenye meza ndefu. Aliyeitwa kusema alikaa kiti cha peke yake akiwatazama wao, na wasikilizaji wote walikuwa nyuma ya mgongo wake. Kugeuka ilikuwa utovu wa adabu. Mkuu wa Mashtaka, bwana mmoja mwenye suti iliyomkaa sawasawa, alipewa meza ya ubavuni, ambako aliweza kumwona kila mtu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mtulivu, asiyecheka na mtu. Kushoto kwake alikaa mbunge mmoja ambaye waandishi walimbandika jina la Mheshimiwa Hesabu, maana tangu kamati ianze hajauliza swali lisilo na bei ndani yake.

Huyo ndiye aliyeanza.

"Mama, pole kwa kufukuzwa. Ila watu wangapi wanafukuzwa nchi hii? Mwenye duka akimfukuza karani wake, tunaunda kamati?"

"Mheshimiwa, karani akifukuzwa, mwizi wa duka hafaidi kitu. Sisi tulipofukuzwa kuna watu walilala usingizi mnono ambao walikuwa hawajaupata miaka."

Nyuma watu wakacheka. Mheshimiwa Hesabu hakucheka, na ukweli lazima usemwe, hakuwa mtu mbaya.

"Jimboni kwangu," akasema taratibu, "wodini wazazi wanalala wawili kitanda kimoja, na vichanga vyao katikati. Hela tunazozimwaga hapa ukumbini zingenunua vitanda. Wewe ni mama. Nieleze nikamwambie nini mwanamke aliyelala chini."

Mama Pacha alijua vitanda vile. Pacha wake walizaliwa kwenye kimoja, na mgeni wa ubavuni alimlalia mkono usiku kucha. Kwa mara ya kwanza tangu aamke aliwaza kwamba huenda Baba Pacha alikuwa sahihi, na yeye ni mtu mmoja mwenye kiburi anayegharimu watu wengine.

"Sijui umwambie nini," akasema mwisho. "Mimi najua niwaambie nini wazazi wa wale wa bweni, na hata hilo nimezuiwa."

Mwenyekiti akaandika kitu, akamgeukia Mkuu wa Mashtaka.

Mkuu alizungumza vizuri. Sauti nzito, maneno yamepigwa pasi. Hakuna aliyempigia simu, alisema, si Waziri wala mtu wa Waziri. Aliwaondoa hawa watu kwa sababu kesi zao zilikuwa zinalala. Wajumbe wakawa wanatikisa vichwa kukubali, na Mama Pacha akaona kabisa kura zinavyohama. Hapo Mkuu angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini mtu aliyekwisha anza kusifiwa ni vigumu kumnyamazisha.

"Chukueni kesi ya bweni," akaendelea. "Nimeichukua mwenyewe. Nimekaa na mashahidi wote ana kwa ana, mmoja mmoja. Nawajua kwa sura na kwa majina. Mwenzangu hapa hakuwahi hata kuwaandaa."

Mama Pacha alisikia kitu kinapanda kutoka kwenye nyayo. Katika kazi ile hakuna kitu kitakatifu kama kukaa na shahidi. Huwezi kumpandisha mtu kizimbani hujamjua; unakaa naye, unamsikia anavyokohoa, unajua swali gani litamliza. Na mchora ramani alikwisha mwambia, si mara moja, kwamba tangu Mama Pacha aondoke hakuna aliyemtafuta. Bwana huyu alikuwa anadanganya mchana kweupe. Lakini utamwambiaje mwongo ni mwongo, neno lako juu ya neno lake, naye ndiye mwenye suti?

Kuna sheria moja waendesha mashtaka wanafundishana kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo: usiulize mbele ya watu swali ambalo jibu lake hulijui. Mama Pacha mwenyewe aliwafundisha vijana wengi. Na swali lililomjia hapo lilikuwa la hatari kuliko yote aliyowahi kufikiria, kwa sababu lilitegemea kama mchora ramani alikuwa amejaribu kweli au alikuwa amejaribu kwa mdomo. Hakuweza kugeuka kuangalia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisikia sauti yake inasema, "naomba nimuulize Mkuu swali moja, kupitia kiti chako."

Mheshimiwa Hesabu akaanza kupinga kwamba aliyeitwa kujibu haulizi. Mwenyekiti akainua mkono kumzuia.

"Moja tu. Na liwe fupi."

"Shahidi wangu mkuu wa kesi ya bweni yumo humu ndani. Mkuu anawajua wote kwa sura. Atuonyeshe ni nani."

Mkuu wa Mashtaka alitabasamu, halafu akaliacha tabasamu pale pale usoni kama mtu aliyesahau kuzima taa. Akaangaza safu kwa safu. Jengo limeanguka, bila shaka alijiambia. Shahidi wa jengo atakuwa fundi. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mwanamume mwenye ovaroli, mikono myeusi kwa mafuta, anamtazama Mama Pacha kwa macho ya mtu mwenye mgonjwa hospitali.

"Yule pale," Mkuu akasema, akanyoosha kidole. "Fundi yule. Nimekaa naye wiki iliyopita."

Adabu au si adabu, Mama Pacha aligeuka. Na aliyemwona mwisho wa kile kidole ni Baba Pacha.

Moyo ulimruka mara mbili, mara ya kwanza kwa ushindi na ya pili kwa hofu. Bwana yule alikuwa amejichimbia kaburi mbele ya kamera zote za nchi, lakini mwenye kuoneshwa kwenye kamera alikuwa ni mume wake, ambaye hakutakiwa kuonekana hata mtaa ule.

"Si yeye," akasema haraka, akageuka mbele. "Mkuu amekosea."

"Basi wa kweli ni yupi?" akauliza Mheshimiwa Hesabu. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini. "Na wewe tuonyeshe."

Mama Pacha akageuka tena, safari hii kwa ruhusa, akapitisha macho. Waandishi, wanafunzi wa sheria, wazee wawili waliokuja kupumzika kwenye ubaridi. Akarudia tangu mwanzo. Mchora ramani hakuwemo. Akasikia minong'ono inaanza, akasikia kalamu ya Mwenyekiti inagonga meza, na kwenye meza ya ubavuni tabasamu la Mkuu likarudi uhai.

"Kwa hiyo humu hamna shahidi," Mheshimiwa Hesabu akasema. "Wote wawili mmetudanganya, na sisi tunalipia."

Sasa hebu jiweke kwenye ovaroli ya Baba Pacha. Kilichotakiwa kwake kilikuwa rahisi kuliko vyote duniani: ainame kama anayefunga kiatu, atoke taratibu kwa mlango uliokuwa ubavuni kwake, arudi karakana. Mkewe alikwisha sema si yeye. Hakuna aliyemjua. Kesho yake angekuwa fundi mmoja aliyeoneshwa kwa makosa kwenye taarifa ya habari, sura yenyewe imejaa grisi.

Akasimama.

"Samahani, Mheshimiwa. Shahidi yuko nje, koridoni. Nimempita wakati naingia. Nilimwambia aingie, akasema alifundishwa kwamba shahidi hakai ndani mpaka aitwe."

Mama Pacha alishika kichwa. Ni kweli, mahakamani shahidi anakaa nje asisikie wenzake wanasema nini; ni yeye mwenyewe aliyemkaririsha hilo msichana wa watu, mara kumi ni kidogo, na asubuhi ile kwenye simu hakukumbuka kumwambia kwamba bungeni mambo ni tofauti. Kosa la kitoto, na lilikuwa lake.

"Na wewe ni nani?" Mwenyekiti akamwuliza yule mwenye ovaroli. "Umejuaje?"

Taa nyekundu za kamera zote zilikuwa zimemgeukia. Mama Pacha alimtikisia kichwa, kidogo sana: kaa, mume wangu, usiseme. Baba Pacha alimwona vizuri kabisa. Wameoana miaka, hakuna ishara ya kichwa chake asiyoijua.

"Mimi ni mume wake huyo," akasema. "Ni fundi wa karakana ya serikali. Na huyo bwana hajakaa na mimi wiki iliyopita wala wiki yoyote."

Hapo ukumbi ulilipuka, acha nikwambie. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka. Mchora ramani akaletwa kutoka koridoni, gauni safi, mkoba kwapani, anauliza kwa kunong'ona kama amechelewa. Mwenyekiti akamwonyesha Mkuu wa Mashtaka, akamwuliza kama amewahi kukaa naye.

"Huyu namwona kwenye magazeti tu," akasema.

"Tangu mwendesha mashtaka huyu afukuzwe, ni nani wa serikali aliyekuita?"

"Hakuna. Nimekwenda kila tarehe. Nikafikiri labda nimekosea mlango."

Mkuu aliomba maji. Mheshimiwa Hesabu alitazama karatasi zake za bei, na kura ilipoitwa alinyoosha mkono kwenye kufunga. Alisema hapo hapo kwamba anaamini watu hawa wameonewa, na bado vitanda ni vitanda. Mama Pacha hakuweza kumchukia. Lakini Mwenyekiti alinyoosha wa kwake kwenye kuendelea, na huo mmoja ndio uliozidi. Uchunguzi ukaendelea, na kesi ya bweni ikaagizwa irudi mahakamani na mwendesha mashtaka asiyechaguliwa na Mkuu.

Mama Pacha alitoka anatembea nusu anaruka. Mchora ramani alimkumbatia hadi hereni ikadondoka, waandishi wakamzunguka, akawasukuma kando kwa mabega akatafuta ovaroli. Alimkuta Baba Pacha ngazi za nje, amekaa, simu sikioni.

"Ndiyo, mkubwa," alikuwa anasema. "Ndiyo. Nimeelewa. Haya, ahsante." Akaiweka simu mfukoni. "Nimemwaga unga."

Mama Pacha alikaa chini kando yake na suti yake nzuri, juu ya vumbi.

"Ulifuata nini, Baba Pacha? Tulipatana."

"Nilikuwa najaribu breki za gari la watu. Zikashika hapa nje."

"Nilikutikisia kichwa."

"Nilikuona."

"Nani kapiga simu, msimamizi mwenyewe? Amesema maneno gani hasa? Ametaja kamati? Alikuwa na mtu pembeni? Maana kama ametaja kamati, hiyo ni…"

"Mke wangu," akamkatiza, akaweka mkono wake mweusi juu ya goti la mkewe, "niache kwanza nifukuzwe. Uchunguzi baadaye."

Akacheka yeye, akacheka na mkewe, wakacheka mpaka Mama Pacha akajikuta analia, na alipolia hakujificha. Watu walikuwa wanapita wakimpongeza. Alisubiri wapite.

"Niambie ukweli," akasema. "Ilistahili?"

Baba Pacha alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Leo usiniulize, leo nina raha," akasema. "Niulize mwisho wa mwezi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwezi ulikuwa unakwisha Ijumaa.